Kuvisha janti ya pikipiki pine ya saizi nyingine

Motari (dereva wa pikipiki ya abiria) wa Goma hutafuta pine, yaani tairi, pana kwa sababu moja: mawe. Mitaa mingi imelala juu ya lava, na jiwe la volkano likivunjika linabaki na ncha kali kama chupa. Pine nyembamba ya 3.00 inachanika ubavuni kabla hata meno yake hayajaisha, halafu muuzaji anakuambia, "Weka 3.50, utasahau." Pengine ni kweli. Ila pine haichaguliwi kwa kutazama pine. Kinachoamua ni janti (rimu) uliyonayo, kisha nafasi iliyopo kati ya mikono inayoshika gurudumu la nyuma. Vitu hivyo viwili vikikataa, hakuna fundi wa kuvibembeleza.

Anza na namba za ubavuni

Usiamini kwamba pine iliyo kwenye gurudumu sasa ndiyo saizi ya kiwandani. Pikipiki ikishapita mikono mitatu, huenda na pine imeshabadilishwa mara tatu. Tafuta kibandiko kwenye mkono wa nyuma au kwenye kifuniko cha mnyororo, au soma kitabu cha pikipiki.

Maandishi ya 3.00-18 ni ya inchi: upana ni inchi 3, yaani karibu mm 76, na janti ni ya inchi 18. Kwa pine hizi kimo cha ubavu hukaribia kuwa sawa na upana. Maandishi ya 90/90-18 ni ya milimita: upana mm 90, ubavu ni asilimia 90 ya upana huo, yaani mm 81, janti ni ileile ya 18. Kupata kipenyo cha pine nzima, zidisha kimo cha ubavu kwa mbili, kisha jumlisha kipenyo cha janti. Inchi 18 ni karibu mm 457, kwa hiyo:

2.75-18: karibu mm 597
3.00-18: karibu mm 610
90/90-18: karibu mm 619
3.25-18: karibu mm 622
3.50-18: karibu mm 635

Viwanda hutofautiana kwa milimita kadhaa, lakini hesabu hii inatosha kukuonyesha unaelekea wapi.

Namba ya mwisho, 17 au 18, haina mjadala. Pine ya 17 haiingii kwenye janti ya 18 hata mkiisukuma watu watatu. Hatari ni kinyume chake: pine ya 18 kwenye janti ya 17. Hiyo inaingia kwa mkono, bila chuma, na mtu anafurahi kwamba kazi imekuwa rahisi. Kipenyo kinapishana kwa mm 25, mdomo wa pine (ukingo wake wa ndani unaokaa kwenye janti) haushiki popote, na siku utakayokata kona na abiria wawili, pine inatoka yenyewe. Ukitaka kutoka 18 kwenda 17 ni lazima ubadili janti yenyewe, na spoku zake ziwe fupi kwa karibu mm 13 kila moja, kwenye janti yenye idadi ileile ya matundu kama kitovu chako.

Kisha kuna namba ndogo yenye herufi, kama 47P au 52P. Herufi ni mwendo (P ni km 150 kwa saa, J ni km 100), na kwa kazi ya mjini haikuhusu sana. Namba ndiyo ya kusoma vizuri: 47 inabeba kilo 175, 51 inabeba kilo 195, 52 inabeba kilo 200, 57 inabeba kilo 230. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. 3.00-18 yenye nyuzi 6, yaani tabaka 6 za nyuzi (imeandikwa 6PR), inaweza kuwa na namba 52, wakati 90/90-18 iliyo pana kuliko hiyo ina 51. Upana peke yake haukupi nguvu ya kubeba. Kama shida yako ni mawe na mizigo, badilisha kwanza nyuzi 4 kwa nyuzi 6 katika saizi ileile, kabla hujafikiria kupanua. Hilo linamaliza tatizo la pikipiki nyingi, na huna haja ya kugusa kitu kingine.

Soma pia tarehe. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ni wiki na mwaka: 3523 ni wiki ya 35 ya 2023. Pine iliyokaa miaka mingi dukani huwa na nyufa ndogo ubavuni ukiikunja kwa vidole, hata ikiwa na meno yote. Na pine iliyochongwa meno upya kwa kisu iache hapohapo. Mpira uliobaki chini ya mfereji ni mwembamba mno kwa lava.

Pima janti

Upana wa janti hupimwa ndani, kati ya kuta mbili zinazoshika mdomo wa pine. Usipime nje kwa nje. Mara nyingi umechapwa kwenye chuma karibu na tundu la valvu au kati ya spoku: 1.60x18, 1.85x18, 2.15x18. Kwa milimita, 1.60 ni karibu 41, 1.85 ni 47, 2.15 ni karibu 55, na 2.50 ni karibu 64. Kutu ikiwa imeshafuta maandishi, toa pine upime mwenyewe.

Janti ya 1.60 inavaa 2.75 vizuri, na 3.00 inakubali. Janti ya 1.85 ndiyo ya 3.00, na inavumilia 3.25 au 90/90. Janti ya 2.15 inavaa 90/90, 3.25 na 3.50 bila taabu. Kwa 100/90 na 110/90 tafuta 2.50, ingawa 2.15 inazifikia kwa ukingo. Njia ya haraka ya kukumbuka: upana wa ndani wa janti uwe karibu asilimia 55 hadi 70 ya upana wa pine.

Ukizidisha, kwa mfano 110 kwenye 1.85, midomo ya pine inabanwa na uso wake unavimba kuwa mviringo kama yai. Sehemu inayogusa ardhi inakuwa utepe mwembamba katikati, meno ya katikati yanaisha upesi huku ya pembeni yakibaki mapya, na pikipiki inayumba ikipita kwenye kokoto. Umelipia pine pana, unatembelea nyembamba. Kinyume chake, 2.75 kwenye 2.15 inanyooshwa: uso unakuwa bapa, na ubavu unajitokeza nje kupokea kila jiwe. Kwa Goma hilo la pili ni baya zaidi, maana ubavu hauna meno wala unene wa kujikinga.

Pima nafasi

Gurudumu la nyuma lina majirani: mikono miwili, mnyororo na kifuniko chake, fimbo ya breki, madigadi, na kwa baadhi ya pikipiki stendi ya katikati. Kutoka mm 76 kwenda mm 90 unaongeza mm 14, yaani mm 7 kila upande. Acha angalau mm 8 hadi 10 kati ya pine na chuma chochote, na zaidi juu chini ya madigadi, kwa sababu matope na vijiwe vinakwama hapo. Mnyororo upimie ukiwa umelegea kama ulivyo barabarani. Ukikazwa unakudanganya.

Kuna kipimo kisichohitaji rula. Bandika tonge la udongo mbichi, ukubwa wa gololi kubwa, ndani ya mkono pale palipo pembamba zaidi, pande zote mbili. Funga gurudumu lenye pine mpya, jaza upepo, zungusha polepole kwa mkono. Udongo uliobaki bila kuguswa na unene wake unakuambia milimita ulizonazo. Rudia mtu mzito akiwa amekaa nyuma, springi zikiwa zimebonyea, maana madigadi hushuka wakati huo.

Usipunguze mkono kwa kuukata, wala usikunje kifuniko cha mnyororo kwa nyundo ili pine ipite. Ukifika huko, umechagua pine isiyo yako.

Kimo kikibadilika, meno ya mnyororo yanahisi

Kutoka 3.00-18 kwenda 3.50-18 kipenyo kinaongezeka kwa mm 25, zaidi kidogo ya asilimia 4. Gurudumu linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo injini inabeba zaidi. Kwenye tambarare ya mjini hutaliona. Ukipanda Munigi kuelekea Kibati na abiria pamoja na gunia, utalazimika kushuka gia mapema. Dawa yake ni kurone, gurudumu kubwa la meno la nyuma. Kama una pinyo (gurudumu dogo la meno la mbele) ya 14 na kurone ya 42, kurone ya 44 inarudisha karibu asilimia 5, na unakaribia pale ulipokuwa. Kubadili pinyo ya mbele kutoka 14 kwenda 13 ni rahisi kwa bei, lakini inaongeza karibu asilimia 8, na mnyororo unajikunja zaidi na kuchakaa upesi. Kurone kubwa pia inaweza kudai mnyororo wenye pingili mbili zaidi, kwa hiyo angalia kabla ya kulipa.

Mita ya mwendo katika pikipiki nyingi za kazi inasomwa kwenye gurudumu la mbele. Pine ya nyuma haiigusi. Ukibadili ya mbele kutoka 2.75 kwenda 3.00, mita itasema 50 wakati unakwenda 51. Si neno.

Linalohitaji akili ni kimo cha mbele dhidi ya nyuma. Ukiinua nyuma sana na kuacha mbele, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na pikipiki inatikisa kichwa kwenye mteremko. Stendi ya pembeni nayo inabaki fupi, pikipiki inalala mno, na ile ya katikati haiinui tena gurudumu. Ukipanda, panda ngazi moja: 2.75 kwenda 3.00, 3.00 kwenda 3.25 au 90/90. Pikipiki za aina ya DT 125, zenye 21 mbele na 18 nyuma, zina ramani yake. Usichukue hesabu ya hapa ukaipeleka kule bila kupima.

Mpira wa ndani na mambo mengine ya kununua

Pine ikibadilika, mpira wa ndani ubadilike nao. Mpira umeandikwa saizi zake, kwa mfano 2.75/3.00-18. Mdogo ukiwekwa kwenye pine kubwa unanyooka, unakuwa mwembamba, na kitundu cha mwiba kinapasuka kuwa mpasuko. Mkubwa kwenye pine ndogo unajikunja, na pale ulipokunjika unajisugua hadi kutoboka. Pancha isiyoeleweka, isiyo na mwiba wala msumari, mara nyingi ni mkunjo.

Janti ya spoku haitembei bila mpira wa ndani, hata kama pine imeandikwa TL (isiyohitaji mpira). Pine ya TL inaweza kuwekewa mpira. Pine ya TT (ya mpira wa ndani) haiwezi kuachwa bila mpira.

Andaa: vyuma bapa vitatu vya kutolea pine vya karibu sm 30, visivyo na ncha kali, kle, yaani spana, za ekseli (nyingi ni 17 na 19), koleo la gupiye (pini inayozuia nati isifunguke), kitoa moyo wa valvu, brashi ya waya, maji ya sabuni, unga wa talki, pampu na manometa (kipima upepo). Usitumie mafuta ya gari wala mazuti kulainisha. Mafuta hula mpira, na hayakauki: pine itateleza kwenye janti siku ya kubana breki na kung'oa valvu.

Kutoa

1. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, au kwa kreti imara chini ya injini. Kumbuka alama za mistari kwenye mikono zilipo, kushoto na kulia.
2. Fungua fimbo ya breki, kisha bara (fimbo ya chuma) linalozuia sahani ya breki isizunguke. Legeza nati ya ekseli, sukuma gurudumu mbele, toa mnyororo kwenye kurone, chomoa ekseli. Panga bushi kwa mpangilio uleule ulivyozitoa. Ya kushoto na ya kulia si mapacha.
3. Toa moyo wa valvu, acha upepo wote utoke, fungua nati ya valvu. Kanyaga ubavu kwa kisigino pembeni mwa janti mpaka mdomo uachie, pande zote mbili. Ukigoma, mwaga maji ya sabuni na usubiri dakika chache.
4. Weka goti upande ulio kinyume na valvu ili mdomo uzame kwenye handaki la katikati ya janti, kisha ingiza chuma karibu na valvu. Hapa ndipo siri ilipo. Mdomo una waya usionyooka. Unapata nafasi upande huu kwa sababu umezama upande ule. Ukihitaji nguvu ya kusimama juu ya chuma, mdomo haujazama. Acha, bonyeza tena.
5. Toa mpira wa ndani, halafu mdomo wa pili.

Sasa itazame janti. Sugua kutu kwa brashi ya waya. Pitisha kidole juu ya vichwa vya spoku: chochote kinachochoma kidole kitatoboa mpira, kipige tupa. Weka utepe mpya wa janti, na kipande cha mpira wa zamani chenye upana wa sm 2 hadi 2.5 kinafaa, mradi kisifunike tundu la valvu. Gonga kila spoku kwa kle ndogo. Iliyolegea inatoa sauti ya bati. Pine ya zamani usiitupe, mafundi wa chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, huitumia kuvisha magurudumu yao.

Kuvisha

Tafuta mshale ubavuni. Unaelekea upande gurudumu linakozunguka likienda mbele. Baadhi ya pine zina mishale miwili, wa mbele na wa nyuma, na inapingana. Soma kilichoandikwa pembeni. Kama kuna kitone cha rangi kinachoonyesha upande mwepesi, kiweke penye valvu.

Paka maji ya sabuni midomo yote miwili. Ingiza mdomo wa kwanza. Mara nyingi mikono na magoti yanatosha. Nyunyiza talki ndani. Mpe mpira wa ndani upepo kidogo, kiasi tu cha kuupa umbo la mviringo, uuingize kuanzia kwenye valvu. Funga nati ya valvu uzi mmoja au miwili tu.

Mdomo wa pili uanzie upande ulio kinyume na valvu, ukimalizia penye valvu. Kabla ya kuingiza sehemu ya mwisho, sukuma valvu ndani kwa kidole gumba: mpira unapanda juu na mdomo unapita chini yake bila kuubana. Chukua vipande vidogo, sm 5 kwa sm 5. Mtu akivuta kipande cha sm 15 mara moja, ncha ya chuma inafika kwenye mpira, na hutajua mpaka umeshajaza. Kosa hili ndilo linalotoboa mipira mipya mingi kuliko misumari.

Jaza upepo. Karibu na janti kila pine ina uzi mwembamba uliochorwa kwenye mpira. Usikilize mlio peke yake. Zungusha gurudumu ukitazama uzi huo. Umbali wake na ukingo wa janti uwe sawa mzunguko mzima, pande zote mbili. Ukizama mahali pamoja, mdomo haujakaa, na pikipiki itadunda hata barabara ikiwa laini. Toa upepo, paka sabuni pale, bonyeza, jaza tena. Usipite bar 2.8 (psi 40) ukijaribu kuukalisha. Ikishindikana, kosa liko kwenye sabuni au kwenye saizi.

Uzi ukishanyooka, toa upepo wote, jaza upya. Mpira wa ndani unapata nafasi ya kujinyoosha mikunjo. Kwa pikipiki ndogo za kazi, mbele bar 1.75 (psi 25), nyuma bar 2 (psi 29) ukiwa peke yako, na 2.25 hadi 2.5 (psi 32 hadi 36) ukibeba. Pima asubuhi kabla hujatembea, na usipite kiwango kilichochapwa ubavuni. Kupunguza upepo ili mawe yasirushe abiria ni kununua pancha: jiwe linabana mpira kwenye janti na kuacha matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka.

Nati ya valvu irudishe juu, karibu na kifuniko chake. Isikazwe kwenye janti. Pine ikiteleza, valvu iliyo huru itainama na kukuonya, iliyokazwa itakatika.

Kurudisha

Funga gurudumu, na bara la sahani ya breki lirudi na nati yake na gupiye yake. Likisahaulika, sahani inazunguka ukibana breki kwa mara ya kwanza, fimbo inajikunja, na gurudumu linakwama papo hapo. Nati zote nyingine unaweza kuzikagua mara moja; hii ikague mara mbili.

Rudisha alama za kushoto na kulia zilingane. Mnyororo uchezee mm 20 hadi 30 katikati. Pedali ya breki ipate mchezo wa mm 20 hadi 30. Zungusha gurudumu: likikwaruza popote, fungua tena.

Kilomita 150 za kwanza endesha taratibu na usibane breki kwenye kona. Pine mpya inatoka kiwandani na utelezi usoni, na mvua ya Goma inaongeza wake. Jioni ya siku ya kwanza paka chaki ndani ya mikono yote miwili, na asubuhi ya tatu tazama. Chaki iliyofutika mstari mmoja mwembamba maana yake pine inagusa ukiwa na mzigo: rudi saizi moja chini. Ikiwa chaki ni nzima, kagua upepo, spoku na mnyororo, kaza kilicholegea.